Je, Wajua? Gari la Kwanza la Bei Nafuu na Mpango wa Kuliongezea Nguvu, Stockholm

Je, wajua kwamba gari lililompa Joginder Singh ushindi wake wa kwanza wa Safari Rally lilitokana na gari la familia ya kipato cha kawaida, na kwamba gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Stockholm? Mwezi Septemba 1944, vita vikiwa bado vinaunguruma Ulaya, kampuni ya Volvo ilikodi ukumbi wa tenisi wa kifalme, Kungliga tennishallen, ikawaonyesha wananchi gari dogo liitwalo PV444. Bei iliyotangazwa ilikuwa kronor 4,800. Injini ya lita 1.4 ilitoa nguvu farasi 40, basi. Mwaka 1958 likafuata PV544, lenye mgongo uleule wa mviringo, na mwaka 1965 Joginder, mzaliwa wa Kericho aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari akiendesha PV544 ambalo lilikuwa limeshatumika kabla halijafika mikononi mwake.

Naanza na hilo kwa makusudi. Kijana anayepata gari lake la kwanza Stockholm, iwe amekulia Rinkeby au ametua Arlanda juzi kutoka Dar es Salaam, swali lake la kwanza huwa turbo: inafungwa kwa kiasi gani, inaongeza farasi wangapi. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la mwisho. Kwanza afya ya gari lenyewe, kisha matairi, kisha breki, kisha springi na shokapu, kisha uzito, na nguvu ije baada ya hayo yote. Ushahidi wa mpangilio huo umetapakaa katika historia ya magari ya Uswidi, na mwingine uko nyumbani kwetu.

Wajua kwamba Vitz ya Kariakoo na Yaris ya Kista ni gari moja? Toyota ililitoa mwaka 1999, Japani likaitwa Vitz, Ulaya likaitwa Yaris, na likatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 2000. Lile la injini ya lita moja lilikuwa na nguvu farasi 68. Ni chaguo zuri sana la gari la kwanza: jepesi, halina makuu, na spea zake zimejaa kila mahali.

Na jina hilohilo ndilo lililotawala Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia. Kuanzia 2021 hadi 2025, kila mshindi wa Safari Rally ya Kenya alikuwa ndani ya Yaris. Ila gari la Sébastien Ogier au Kalle Rovanperä lina injini ya turbo ya lita 1.6 na linasukuma magurudumu yote manne, kwa hiyo usilitazame ukadhani lako liko hatua mbili nyuma yake. La dukani lililo karibu zaidi nalo ni GR Yaris ya mwaka 2020, silinda tatu, nguvu farasi 261. Hilo si gari la kwanza la mtu, wala si la bei nafuu.

Je, wajua kwamba injini ileile, bila kuguswa na fundi, ina nguvu zaidi Stockholm kuliko Nairobi? Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa pwani. Injini isiyo na turbo huvuta hewa ilivyo, ikichomewa petroli kulingana na hewa hiyo. Stockholm iko kando ya maji ya Baltiki. Ongeza baridi: hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni nzito kuliko hewa ya nyuzi 20 kwa takriban asilimia 11. Anayenunua Uswidi gari la aina ileile aliyoizoea Nairobi huliona limechangamka, na hajalipa senti kwa uchangamfu huo.

Ndiyo maana pia turbo hupendwa na watu wa milimani. Turbo hurudisha hewa iliyokosekana.

Wajua tofauti ya kuchezea kompyuta ya injini yenye turbo na isiyo na turbo? Kwenye injini ya kawaida, programu mpya huweza kubadili muda wa cheche na kiasi cha mafuta, lakini haiwezi kuleta hewa isiyokuwepo. Faida ni ndogo, mara nyingi mtu huihisi zaidi kwenye pedali ya mafuta kuliko kwenye mashine ya kupimia nguvu. Kwenye injini ya turbo, programu inaweza kuamuru msukumo wa hewa uongezeke, na hapo nguvu hupanda kweli. Lakini klachi, gia, gasketi na radieta havikuambiwa. Anayekuuzia programu akuambie pia ni kiungo gani kitakachokufa kwanza. Asipojua, ondoka.

Je, wajua kwamba Waswidi ndio walioleta turbo kwenye gari la kwenda nalo kazini? Saab 99 Turbo ilionyeshwa mwaka 1977 na kuingia sokoni 1978. Kabla yake magari ya turbo yalikuwa machache na makali. Mhandisi Per Gillbrand, ambaye Uswidi nzima ilimwita Turbo-Pelle, alitaka turbo ndogo inayoamka mapema, dereva anapohitaji kulipita lori, kuliko turbo kubwa inayoamka baada ya lori kupita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaongeza mfumo ulioitwa APC: kifaa kidogo kilichofungwa kwenye injini kiliusikiliza mlio wa kugonga unaotokea petroli ikilipuka kabla ya wakati wake, kikapunguza msukumo wa turbo papo hapo. Gari likaweza kunywa petroli nzuri au ya ovyo bila kuharibika pistoni. Miaka ya 1990 Saab wakaenda mbali zaidi, wakaitumia plagi yenyewe kupima kinachotokea ndani ya silinda. Kwa mtu mwenye Saab ya zamani leo, hiyo akili iliyomo ndani ni ya thamani kuliko farasi watakaoongezwa, na fundi anayeizima ili kupata msukumo zaidi anakuuzia hasara.

Mafuta nayo ni sehemu ya mpango. Uswidi, tangu Agosti 2021, petroli ya kawaida ya oktani 95 ina hadi asilimia 10 ya ethanoli.

Wajua kuna pampu za E85, ambazo karibu zote ni ethanoli? Zilienea baada ya sheria ya 2006 iliyovitaka vituo vikubwa viuze angalau aina moja ya mafuta yasiyotokana na petroli ya ardhini. Ethanoli inastahimili mgandamizo mkubwa bila kugonga, ndiyo maana Saab 9-5 BioPower ya 2005 ilitoa nguvu farasi 150 kwa petroli na 180 kwa E85, injini ni ileile. Gharama yake ni kwamba ulaji unapanda karibu kwa theluthi, na asubuhi ya baridi kali ethanoli inawaka kwa shida, hata wauzaji hupunguza kiasi chake majira ya baridi yakifika. Gari lisilotengenezwa kwa E85 lisimiminiwe tu kwa sababu jirani amefanya hivyo. Mipira, pampu na vinyunyizio vinahitaji kufaa, na mabadiliko ya mafuta ni mabadiliko ya gari mbele ya sheria.

Sasa matairi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna kronor itakayobadilisha gari dogo kuliko ile inayolipwa kwa matairi mazuri. Nguvu zote, breki zote, kona zote hupitia vipande vinne vya mpira.

Je, wajua kwamba kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara ikiwa na hali ya majira ya baridi, yaani theluji, barafu au utelezi, matairi ya baridi ni lazima kisheria? Kina cha kashata zake kisipungue milimita 3, wakati matairi ya kiangazi yanaruhusiwa hadi milimita 1.6. Chini ya nyuzi 7 hivi mpira wa kiangazi huanza kuwa mgumu na kupoteza mshiko, hata lami ikiwa kavu. Maana yake bajeti ya gari la kwanza Stockholm ni ya seti mbili za matairi, na anayepanga rimu za kung'aa kabla ya seti ya pili amekwisha kukosea hesabu.

Wajua matairi ya misumari? Yanaruhusiwa kuanzia 1 Oktoba hadi 15 Aprili, na nje ya hapo endapo hali ya barabara inayadai. Lakini hayaruhusiwi kila mtaa. Tangu 1 Januari 2010 yamepigwa marufuku mtaa wa Hornsgatan, huko Södermalm, kwa kuwa misumari hukwangua lami na kurusha vumbi laini linaloingia mapafuni mwa wakazi. Baadaye Fleminggatan na sehemu ya Kungsgatan zikafuata.

Wajua kusoma umri wa tairi? Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iwe Stockholm au mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, hakuna muuzaji anayeweza kukudanganya ukishajua kuzisoma.

Na ukitaka rimu pana zaidi, fanya hesabu kabla ya kulipa. Tairi la 175/65 R14, ambalo magari mengi madogo huja nalo, lina kipenyo cha milimita 583. Tairi la 195/50 R15 lina milimita 576. Tofauti ni karibu asilimia 1.2, kwa hiyo spidomita haipotoki kwa kiasi cha kukutia matatani. Ukichukua tairi kubwa kuliko la awali, gari litakwenda kasi kuliko inavyosoma spidomita, na sheria inasema spidomita isisome chini ya kasi halisi hata kidogo. Faini utalipa wewe, si muuza rimu.

Je, wajua kwamba kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 70 nguvu ya mwendo inayopaswa kumezwa na breki inakaribia kuwa maradufu? Nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa kasi. Ndiyo maana breki hutangulia injini.

Uboreshaji wa breki ulio rahisi kuliko wote ni mafuta ya breki mapya. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishashiba unyevu kiwango chake cha chini kinashuka hadi nyuzi 155. Ikichemka, mapovu huingia kwenye mabomba na pedali huzama hadi sakafuni. Watu hununua diski kubwa zenye matundu huku wakiendesha na mafuta yaliyozeeka kuliko watoto wao.

Je, wajua jaribio la mnyama? Älg ni mnyama mkubwa wa misitu ya kaskazini, mwenye pembe pana na miguu mirefu, na gari dogo likimgonga mwili wake wote hufikia kioo cha mbele. Kwa hiyo Waswidi hulijaribu gari kwa kulikwepesha ghafla na kulirudisha njiani. Tarehe 21 Oktoba 1997 gazeti la magari la Teknikens Värld lilifanya jaribio hilo kwa Mercedes A-Class, gari dogo jipya kabisa, na likapinduka. Mercedes ilisitisha kulifikisha kwa wateja, ikabadilisha mpangilio wa springi na kulifungia mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza. Kampuni kubwa kiasi hicho, yenye wahandisi maelfu, ilirudi mezani kwa sababu ya kona moja ya ghafla. Mtu anayekata springi kwa msumeno nyuma ya nyumba ili gari liinamie chini alifikirie hilo. Springi iliyokatwa inaweza kulegea na kutoka mahali pake gurudumu likining'inia, na mfumo wa kuzuia kuteleza ulipangwa kwa urefu na ugumu wa springi za kiwandani.

Wajua kwamba shokapu zinazoheshimiwa na madereva wa mbio duniani kote hutengenezwa Upplands Väsby, mwendo mfupi tu kaskazini ya Stockholm? Kenth Öhlin alianzisha kampuni yake mwaka 1976, akianza na pikipiki za kurukia matuta, na 1978 shokapu zake tayari zilikuwa chini ya bingwa wa dunia. Gari la kwanza halihitaji Öhlins. Linahitaji bushi mpya, bolijointi zisizocheza na shokapu zisizovuja. Gari la miaka 15 lililofanyiwa hivyo hugeuka likawa jingine, na fundi yeyote mwaminifu atakuambia wateja wengi huishia hapo kwa furaha.

Uzito. Gari la kilo 1,000 lenye nguvu farasi 70 likipunguzwa kilo 50, uwiano wake wa nguvu na uzito unakuwa sawa na lile la kilo 1,000 lililoongezwa karibu farasi wanne. Anza na takataka za buti. Usianze na tairi la akiba, wala na mifuko ya hewa. Kampuni ya Autoliv, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa mikanda na mifuko hiyo duniani, ina makao makuu papa hapa Stockholm, na mkanda wa pointi tatu wenyewe ni kazi ya Mswidi, Nils Bohlin wa Volvo, mwaka 1959, ambao Volvo iliwaachia watengenezaji wote wautumie. Kuutoa usukani wenye mfuko wa hewa ili kuweka mdogo wa michezo ni kubadilisha uhai na pambo.

Je, wajua kwamba Mswidi Erik Carlsson alishinda Monte Carlo mara mbili mfululizo, 1962 na 1963, akiwa na Saab 96 yenye injini ya sentimita za ujazo 841 tu, silinda tatu, iliyochanganya oili na petroli kama pikipiki ya zamani? Wapinzani walikuwa na injini kubwa zaidi. Yeye alikuwa na mguu wa kushoto. Alikanyaga breki kwa mguu huo huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta, ili injini isizimike pumzi na pua ya gari iingie kwenye kona. Mwaka 1964 alikuja Safari na kumaliza wa pili. Husimuliwa kwamba Saab yake ilipozama kwenye tope aliipindua ubavu kwa ubavu hadi ikatoka. Ukiwa na pesa kidogo za kuboresha gari lako, sehemu yake ilipie siku ya mafunzo kwenye uwanja wa utelezi. Kila anayetafuta leseni Uswidi lazima apite huko mara moja kama sehemu ya masharti. Kurudi mara ya pili kwa hiari, na gari lako mwenyewe, ni uboreshaji unaobaki nawe hata ukiliuza gari.

Wajua leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda inakubalika Uswidi kwa muda usiozidi mwaka mmoja tangu ujiandikishe kuwa mkazi? Haibadilishwi kwa ya Kiswidi. Inabidi ufanye mitihani upya, wa maandishi na wa barabarani. Weka gharama hiyo kwenye mpango kabla ya rimu.

Dereva mwingine wa kukumbukwa pamoja na Carlsson ni Björn Waldegård, aliyetoka wilaya ya Norrtälje, kaskazini ya Stockholm. Alishinda Safari mara nne: 1977, 1984, 1986 na 1990. Ushindi wa mwisho aliupata akiwa na miaka 46.

Sasa karatasi. Je, wajua kwamba Uswidi gari lililobadilishwa kiasi kwamba halilingani tena na maelezo ya kwenye daftari la serikali haliruhusiwi kutembea hadi likaguliwe upya? Ukaguzi huo huitwa registreringsbesiktning, na ni tofauti na ule wa kawaida wa kila gari. Wa kawaida hufanyika kwanza ndani ya miezi 36 tangu gari lianze kutumika, kisha ndani ya miezi 24, halafu kila miezi 14. Gari lisilokaguliwa kwa wakati hufungiwa lisiendeshwe. Likikutwa na kasoro kubwa, una mwezi mmoja wa kulirekebisha na kulirudisha. Na polisi wanaweza kukusimamisha popote na kulikagua kando ya barabara.

Kwa wanaojenga magari yao karibu kuanzia mwanzo kuna SFRO, chama cha wajenzi wa magari. Wakaguzi wake hutazama kazi hatua kwa hatua kabla gari halijaenda kusajiliwa. Sisi tuna mafundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, na Kisekka, Kampala, wanaoweza kujenga chochote kwa mikono. Natamani sana tungekuwa na daraja kama hilo, ambapo fundi wa mtaani na mkaguzi wa serikali wanakutana kabla gari halijaingia barabarani.

Bima. Bima ya kuwalipa wengine ni lazima kuanzia siku ya kwanza unapolimiliki gari, hata likiwa limeegeshwa tu, isipokuwa umelisimamisha rasmi lisitumike. Kila siku isiyo na bima inatozwa. Mabadiliko ya gari yaambie kampuni ya bima kwa maandishi, kwa sababu badiliko lililofichwa linaweza kukupunguzia fidia siku ya ajali.

Vifupi vifupi vya sheria, kwa haraka:

Vioo vya madirisha ya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga. Tinti nyeusi za matatu hazitapita.

Kataliti ni lazima kwa magari ya petroli ya toleo la 1989 na baada ya hapo. Anayeikata ili ekzosi ingurume ataiona kwenye kipimo cha moshi.

Stockholm injini ikiwaka gari limesimama, kikomo ni dakika moja.

Ukiingia au kutoka katikati ya jiji siku za kazi, kamera husoma namba na kodi ya msongamano huja nyumbani. Ilijaribiwa 2006, ikawa ya kudumu kuanzia 1 Agosti 2007. Gari lako liwe na farasi 68 au 680, foleni ya barabara ya Essingeleden ni ileile.

Ukileta gari la usukani wa kulia, taa za mbele zibadilishwe. Zimetengenezwa kumulika zaidi upande wa kushoto, na Uswidi upande huo kuna macho ya wanaokuja. Uswidi yenyewe ilikuwa ikipita kushoto hadi alfajiri ya Jumapili, 3 Septemba 1967. Saa kumi na moja nchi nzima ikahamia kulia. Magari mengi yalikuwa tayari na usukani wa kushoto, jambo lililofanya kupitana barabarani kuwe hatari kwa miaka mingi kabla ya hapo.

Wajua badiliko la gari linalopendwa na Waswidi wa kawaida kuliko turbo? Hita ya injini. Unachomeka waya ukutani jioni au saa mbili kabla ya safari, injini inaamka ikiwa na joto, oili inapita mara moja, ulaji na moshi vinapungua. Injini ya gari dogo inayosafiri kilomita tano hadi kazini haipati muda wa kupasha, na hiyo ndiyo inayoichakaza. Ningeiweka hita hiyo mbele ya kichungi chochote cha hewa cha michezo.

Na mahali pa kufanyia kazi? Huhitaji gereji yako. Stockholm kuna karakana za kujihudumia, ambapo unakodi nafasi yenye jeki ya kunyanyua gari kwa saa, vifaa vipo. Spea za kawaida zinapatikana Biltema, iliyoanza 1963, au Mekonomen, iliyoanzia Stockholm mwaka 1973. Nenda na orodha iliyoandikwa, na usifungue breki saa moja kabla ya kufungwa.

Je, wajua kwamba Uswidi mtoto wa miaka 15 anaweza kuendesha Volvo kwenda shule? Kwa masharti. Gari hilo husajiliwa kama A-traktor, yaani trekta lililotokana na gari, na mwendo wake usizidi kilomita 30 kwa saa. Nyuma hubandikwa pembetatu nyekundu ya gari la mwendo wa polepole. Asili yake ni uhaba wa matrekta katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, wakulima walipokata magari ya zamani wakayafanya ya kulimia. Wakati huohuo makumi ya maelfu ya magari ya Uswidi yalifungwa matanuri ya kuchoma kuni na mkaa ili yatembee kwa gesi, maana petroli haikuja. Leo A-traktor ndiyo shule ya ufundi ya vijana wa vijijini: hujifunza gia, umeme na kuchomelea kabla ya kufika umri wa leseni. Lakini pia ilileta ajali, hasa vijana walipojazana nyuma, na kuanzia 1 Agosti 2023 serikali ikadai mikanda, matairi ya baridi na idadi ya abiria isiyozidi viti vyenye mikanda.

Vijana wa zamani zaidi walikuwa raggare, waliozunguka Kungsgatan ya Stockholm miaka ya 1950 wakiwa na magari makubwa ya Kimarekani. Filamu ya Raggare! ya 1959 iliwatia wazazi hofu. Hadi leo jioni za kiangazi magari ya aina hiyo hupita polepole Sveavägen, na watu husimama kuyatazama.

Kwa anayetaka kasi halali, Tierp Arena, kaskazini ya Uppsala, ilifunguliwa 2011 kwa mbio za mstari mnyoofu, na Gelleråsen ya Karlskoga, tangu 1950, ndiyo njia ya mbio ya kudumu iliyo kongwe kuliko zote nchini.

Lakini kwa mwenye pesa kidogo, wajua folkrace? Ni mbio za magari ya kawaida yaliyochakaa, kwenye njia fupi ya changarawe na lami, na leseni yake hupatikana kuanzia miaka 15. Vioo hutolewa, vizimba vya chuma hufungwa ndani kumlinda dereva. Kila gari lina bei moja iliyopangwa na shirikisho la mchezo. Mbio zikiisha, mwenye leseni yeyote anaweza kuweka ombi la kulinunua gari lolote lililoshindana, kwa bei hiyohiyo. Waombaji wakiwa wengi, hupigwa kura. Kwa hiyo hakuna anayefunga injini ya pesa nyingi kwenye gari linaloweza kuondoka na mtu mwingine jioni ileile kwa bei ya mtumba, na dereva anayekataa kuuza hunyang'anywa leseni.